Mstari wa tatu kwenye karatasi yako

Mwanangu mpendwa,

Sisi wazima. Ila tangu Jumapili ulipoondoka kuna neno limenikwama. Ulinipa majibu yako ya damu, ukacheka: "Baba, kolesteroli yangu iko sawa. Hizo fegi tatu kwa siku zinakukera nini?" Nilinyamaza kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye mstari wa tatu, wa HDL, ambao wewe uliupita tu. Namba yake ilikuwa chini.

HDL ndiyo wanayoiita kolesteroli nzuri. Inazoa mafuta yaliyozidi kwenye mishipa na kuyarudisha kwenye ini. Sigara inaishusha. Na ile mbaya, LDL, hata isipopanda sana, moshi unaichachusha, na iliyochacha ndiyo inayonasa kwenye ukuta wa mshipa. Ukuta wenyewe nao moshi umeshauchubua. Hiyo karatasi inapima wingi wa mafuta, mwanangu, haipimi uchachu wake. Ndiyo maana "iko sawa" haikunituliza.

Bado nikotini, ile sumu ya tumbaku inayoleta uraibu. Kila ukivuta, mwili unashtuka kama wa mtu anayefukuzwa na mbwa: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, mafuta yanaachiwa kwenye damu yawe nguvu ya kukimbilia. Na wewe umekaa zako kwenye kochi! Wakati huohuo kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, inapora nafasi ya oksijeni kwenye damu, na damu inakuwa rahisi kuganda. Bonge dogo la damu likikwama kwenye mshipa wa moyo uliokwisha kuwa mwembamba, huo ndio mshtuko wa moyo.

Kuhusu hizo "tatu tu", hesabu ya moyo haiendi kama ya duka. Watafiti waliojumlisha tafiti nyingi mwaka 2018 walikuta kwamba anayevuta moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya kuugua moyo aliyonayo anayevuta 20. Mimi nilikuwa mtu wa kupunguza. Kutoka pakiti nzima hadi nne, nikajiona nimeshinda.

Halafu siku ile nikalazwa kwenye kitanda chembamba, daktari akanigeuzia skrini nione. Mshipa wangu mwenyewe, mweusi kwenye picha ya kijivu, umebanwa katikati kama mpira wa maji uliokanyagwa. Sikuwahi kukusimulia hili. Tulikwambia ni presha, ulikuwa na mitihani.

Nikaacha. Mara ya kwanza nilirudia baada ya siku tisa, usidhani baba yako ni chuma. Mara ya pili nilimwomba mhudumu wa afya dawa ya kunisaidia, na ndiyo ilikuwa mwisho. HDL huanza kupanda ndani ya wiki chache tu. Mwaka mmoja ukipita, ile hatari ya ziada ya moyo inakuwa imepungua karibu nusu. Kwa umri wako una miaka mingi ya kuirudisha chini, kuliko niliyokuwa nayo mimi.

Kiberiti chako cha gesi ulikisahau chini ya mto wa kochi. Mama yako alitaka kukitupa, nikamzuia. Kiko mfukoni mwangu. Ukija kukidai njoo na ile karatasi, tuusome ule mstari wa tatu pamoja.

Baba yako