Kikao cha Jumamosi: ule mlima wa reli yetu ya treni za mfano

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa 8 mchana tunakutana karakana ileile. Kichwa cha treni kinateleza mlimani kikivuta mabehewa sita tu, na hii ni HO (treni ndogo za kipimo cha 1:87), si mzigo wa kutisha.

1. Mwinuko wa sasa ni sm 4 kwa kila mita. Tunaushusha hadi sm 2.5, hivyo kupanda sm 10 kutahitaji njia ya mita 4 na ushee.

2. Mwanzo na mwisho wa mlima reli zipinde taratibu, angalau sm 30. Zikikunjika ghafla, mabehewa yanaachiana.

3. Mlima tunauhamishia kwenye njia iliyonyooka. Kona ya nusu kipenyo sm 45 inaongeza mzigo kama mwinuko wa karibu asilimia 1.8 zaidi, ndiyo maana treni ilikuwa inakwama palepale.

4. Tuongeze kichwani uzito wa risasi (ile metali nzito) gramu 30 hadi 50 juu ya magurudumu yanayoendeshwa na mota, si puani. Kipimo: zuia kichwa kwa mkono, ongeza umeme kidogo kidogo. Magurudumu yanatakiwa yateleze; yakiganda, punguza uzito upesi kabla mota haijaungua.

5. Futeni reli kwa spiriti. Na tafadhali, mafuta kidogo tu kwenye ekseli! Yakifika kwenye reli kazi yote bure.

Mchango ni sh 500 kila mmoja, kabla ya Alhamisi jioni, wa mbao na risasi. Jibuni hapa NIPO au SIPO, na mwenye msumeno mdogo aseme.