Mgonjwa wa sonona asizungushwe, apelekwe hospitalini mapema

Kwa Mhariri,

Mimi ni mwalimu ambaye kwa miaka mingi nimehudumu katika idara ya ushauri nasaha ya shule ya upili hapa kaunti ya Nakuru. Naomba nafasi katika gazeti lako niziombe familia na serikali za kaunti za eneo hili zibadilishe namna tunavyoushughulikia ugonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Mgonjwa wa malaria hupelekwa zahanati siku hiyo hiyo, lakini mgonjwa wa sonona kwanza huambiwa ajikaze, kisha huambiwa ni mvivu, kisha huombewa, kisha hushukiwa kuwa amerogwa, na anapofika mbele ya daktari huwa amekwisha kupoteza kazi, ndoa au masomo.

Kila mtu hupatwa na huzuni, na aliyefiwa ana haki ya kulia. Madaktari huanza kufikiria sonona pale hali ya moyo mzito, au ya kutofurahia tena mambo aliyokuwa akiyapenda mtu, inapodumu karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, ikiandamana na dalili nyingine kama vile kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupoteza hamu ya chakula, uchovu usioisha, kushindwa kumakinika, kujilaumu kwa mambo yasiyo na uzito na kutamani kufa. Kwa wanaume wengi huzuni hiyo haionekani kwa machozi. Huonekana kwa hasira za ghafla, kwa pombe na kwa kujitenga na watu wa nyumbani. Wapo pia wanaolalamikia kichwa, mgongo au kifua tu, wakapimwa malaria na homa ya matumbo mara kwa mara, wakarudi nyumbani na dawa za maumivu bila yeyote kuwauliza wanalalaje au wanawaza nini.

Chanzo chake huwa mchanganyiko wa mambo. Ugonjwa huu unaweza kufuata ukoo, unaweza kumpata mama baada ya kujifungua, na huwapata kwa wingi wanaoishi na maradhi ya muda mrefu kama vile kisukari na virusi vya ukimwi. Msiba, madeni, dhuluma za utotoni na maafa huongeza uzito. Wenzetu wa Mai Mahiu waliopoteza jamaa na nyumba kwa mafuriko ya Aprili 2024 walihitaji mablanketi na unga, na walihitaji pia mtu wa kuwatibu nyoyo, na haja hiyo ya pili haiishi malori ya misaada yanapoondoka.

Swali ninaloulizwa na wazazi mara nyingi zaidi ni hili: tumpeleke wapi? Wengi hudhani kwamba daktari wa magonjwa ya akili anapatikana Mathari pekee, ile hospitali ya Nairobi iliyoanza mwaka 1910, na jina hilo linawatia hofu na aibu. Ukweli ni kwamba safari inaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu. Afisa wa kliniki au muuguzi aliyefunzwa anaweza kutumia hojaji fupi ya maswali 9, ambayo ilijaribiwa hapa magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2009, kisha akaandika barua ya rufaa inapobidi. Hapa Nakuru kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wengi wetu bado tunaiita PGH, na kuna wodi za magonjwa ya akili katika hospitali ya Gilgil. Kisumu kuna Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji huiita Russia, na Eldoret kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Anayekwenda kwa daktari wa kibinafsi ahakikishe kwanza kwamba jina lake limo katika sajili ya baraza la madaktari nchini, kwa kuwa siku hizi yeyote anaweza kuning'iniza kibao cha kutibu akili.

Umuhimu wa kumfikia daktari bingwa ni mkubwa hasa pale dawa za mwanzo zinaposhindwa. Kuna wagonjwa ambao huzuni yao ni upande mmoja tu wa ugonjwa wenye vipindi vya uchangamfu uliopindukia, na hao wakipewa dawa za sonona peke yake wanaweza kuzidiwa. Wengine shida yao hutokana na tezi ya shingo au upungufu wa damu. Kwa hiyo mgonjwa aende na orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, na aandamane na jamaa anayeweza kueleza mabadiliko yalianza lini.

Naomba pia familia ziwe na subira. Dawa za sonona hazitulizi siku hiyo hiyo kama dawa ya maumivu. Huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha nguvu yake, na mgonjwa aliyepata nafuu kwa kawaida huendelea kuzimeza kwa miezi 6 au zaidi ili ugonjwa usirudi. Wengi huziacha ghafla wiki ya tatu kwa sababu jirani amewaambia zitawafanya mateja. Dawa hizi hazileti uraibu wa namna hiyo, ila kuziacha ni lazima kufanyike polepole kwa maelekezo ya daktari. Kwa sonona isiyo kali, mazungumzo ya mpangilio na mshauri aliyehitimu huweza kutosha bila dawa. Maombi yaendelee, nami pia huomba, lakini mchungaji anayemwambia muumini atupe dawa anahatarisha uhai wa mtu.

Mtu akitamka kwamba amechoka kuishi, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake, dawa za kunyunyizia mimea zifungiwe, na afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo. Zamani familia ziliogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025, na habari hiyo ingefaa kusomwa katika kila baraza la chifu.

Sheria ya afya ya akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Naziomba idara za afya za Nakuru, Kisumu na kaunti jirani zibandike katika kila zahanati, kanisa na msikiti siku za kliniki ya magonjwa ya akili na mahali inapofanyika, na zihakikishe kwamba mgonjwa wa Kuresoi au Nyakach anayekwenda kuchukua dawa ya mwezi anaipata karibu na kwake, bila kutumia nauli ambayo ingewalisha watoto wake wiki nzima.

Mwalimu wa ushauri nasaha,
Nakuru