Shingo iliyopinda baada ya sindano si jini

Ndugu Mhariri,

Kijana kachomwa haloperidoli Jumatatu kwa maradhi ya akili. Jumanne magharibi shingo inampinda upande, macho yanapanda juu hayashuki, taya linakaza, ulimi unamtoka. Akili yake iko pale pale, anasikia kila linalosemwa, na anaumia. Nyumbani ubani unawashwa na kombe linaandikwa. Tunaandika kuwaomba jamaa wa wagonjwa, Unguja na Pemba, walijue jambo hili kabla halijawafika: aliyeipinda shingo hiyo ni dawa, na tiba yake huonekana ndani ya nusu saa. Anayetaka kumsomea mgonjwa wake amsomee njiani, akielekea spitali.

Haloperidoli, klorpromazini na flufenazini, ile sindano ya mwezi, huzuia kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Ndivyo zinavyotuliza sauti anazozisikia mgonjwa peke yake na dhana mbaya. Lakini dopamini hiyo hiyo ndiyo inayoongoza misuli, na ikizuiwa ghafla misuli hujikaza yenyewe. Vijana wa kiume hupatwa zaidi, aghalabu ndani ya siku tano za mwanzo au dozi inapoongezwa. Hata metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, inaweza kumpinda shingo mtoto au msichana ambaye hana maradhi yoyote ya akili. Kwa hiyo kabla ya kudhani pepopunda au kifafa, muuguzi aulize: siku hizi tatu nne kapewa dawa gani?

Mtu mzima huchomwa prometazini, dawa ya mzio ambayo pia huilegeza misuli hii, miligramu 25 hadi 50 kwenye msuli. Baada ya dakika 20 au 30 shingo inarudi. Kosa hufanyika hapo hapo: mgonjwa kalegea, kila mtu anashukuru, anarudishwa nyumbani mikono mitupu. Haloperidoli hukaa mwilini zaidi ya siku nzima ilhali nguvu ya prometazini huisha kwa saa chache, basi usiku wa manane shingo inapinda tena na watu wanasema jini karudi. Apewe na vidonge vya benzheksoli, dawa ya kuzuia misuli isikaze, miligramu 2 mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku chache. Aliyechomwa sindano ya mwezi huvihitaji kwa muda mrefu zaidi. Sauti ikikwama au pumzi ikipiga mluzi, koo nalo linakaza: hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Kuna dhara la pili ambalo linatuuma zaidi, kwa kuwa halionekani kuwa ni maumivu. Mgonjwa hawezi kukaa kitako. Anainuka, anakaa, anakanyagakanyaga pale pale, analala na kuamka. Ukimuuliza, atakwambia ndani ya miguu kunawaka. Jamaa husema wazimu umezidi, dozi inaongezwa, na hali inakuwa mbaya zaidi. Wapo wanaofikia kutaka kujiua kwa mateso haya. Kinachotakiwa ni kupunguza dozi au kubadilisha dawa, na propranololi, dawa ya presha na moyo, kuanzia miligramu 10 mara mbili kwa siku, husaidia wengi. Mwenye pumu asipewe. Benzheksoli hapa haifanyi kazi kubwa, ingawa ndiyo inayoandikwa kila mara.

Mikono ikitetemeka, uso ukikosa ishara na hatua zikawa fupi baada ya wiki kadhaa, dozi ipunguzwe kwanza, ndipo benzheksoli ifikiriwe. Mzee huweza kuchanganyikiwa kwayo au kufungwa mkojo.

Aliyetumia dawa hizi miezi au miaka huweza kuanza kutafunatafuna na kutoa ulimi bila kujua, na akiwa bibi, watu hudhani ana tambuu mdomoni. Mtake ateme alichonacho na avue meno ya bandia, afungue mdomo, kisha aguse kidole gumba kwa vidole vyengine kimoja kimoja huku ukiutazama ulimi. Kipimo hiki hakitaki mashine. Kifanywe kila miezi sita. Benzheksoli huzidisha hali hii, kwa hiyo ipunguzwe taratibu hadi kuachwa, na daktari afikirie kuhamia klozapini au kwetiapini, dawa nyengine za maradhi ya akili. Marekani iliidhinisha dawa mbili mahsusi mwaka 2017, valibenazini na deutetrabenazini, lakini bei yake ni kubwa mno.

Homa kali, jasho, mwili mgumu kama ubao na kuchanganyikiwa kwa pamoja ni hatari ya kufa. Dawa isimamishwe na mgonjwa afikishwe spitali saa hiyo hiyo. Nje ya hali hiyo, jamaa wasiikate dawa wenyewe, maana maradhi hurudi.

Kwa wenzetu wa vituo vya afya: muongozo wa Shirika la Afya Duniani unaanza vidonge vya haloperidoli kwa miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku. Inapobidi sindano, prometazini ikichomwa pamoja nayo hupunguza sana kukaza huku. Ampuli zake ziwekwe trei moja na haloperidoli, zisifungiwe stoo. Na kila anayechoma aandike kwenye karatasi ya mgonjwa jina la dawa, miligramu na saa, kwa sababu muuguzi wa zamu ya usiku Makunduchi au Mkoani hana njia nyengine ya kujua kilichomo mwilini.

Wauguzi wa afya ya akili,
Chake Chake, Pemba