Tuandikieni kipimo getini

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa chuo cha ualimu na sijawahi kukuandikia. Habari yenu ya juma lililopita, ya wakazi wanaokataa mnara wa simu mtaani kwao, ndiyo imenikalisha mezani. Mlimnukuu ofisa akisema mionzi ile haina madhara kabisa kwa kuwa iko chini ya viwango vya kimataifa, habari ikaishia hapo. Chini kwa kiasi gani? Ilipimwa lini, na kifaa kiliwekwa wapi? Mwandishi wenu hakuuliza.

Nimefundisha fizikia miaka 31. Sisemi mnara unaleta saratani, na jirani anayedai kuku wake wamekufa kwa mionzi huwa nambishia. Lakini viwango hivyo, vya ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, vimejengwa juu ya joto. Mwili ukipokea wati 4 kwa kila kilo, joto lake la ndani laweza kupanda nyuzi 1. Raia tukawekewa ukomo wa wati 0.08, mara 50 chini. Kwa mawimbi ya simu ya megahezi 900 hiyo ni wati 4.5 kwa mita ya mraba, wastani wa dakika 30. Kwa hesabu ya joto, dakika 30 zinatosha. Mama aliyelala mkabala na antena miaka 15 anauliza jambo jingine, na ana haki ya kuuliza. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka mionzi hii katika kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi uliotoka zaidi kwenye simu ya sikioni kuliko kwenye minara. India ilishusha ukomo wake hadi sehemu moja ya kumi mwaka 2012. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa mjini Washington iliitaka FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ieleze kwa nini inaamini viwango vyake vya 1996 vinawatosha watoto na watu wanaokaa na mionzi miaka mingi.

Sasa nikueleze nililoliona. Juu ya jengo la ghorofa nne ninakopanga kuna antena sita. Mwaka jana nilipanda kuanika godoro nikamkuta kijana fundi rangi amesimama mbele ya mojawapo, uso kwa antena, kama mikono miwili tu kati yao, akipaka vyuma. Kopo la rangi kalitundika kwenye kishikio cha antena hiyo hiyo. Alikuwa hapo tangu asubuhi, na ilikuwa saa nane mchana. Hakuna aliyemwambia kwamba mawimbi yale hutoka mbele kama mwanga wa tochi, kwamba aliye chini ya antena hupata kidogo na aliye mbele yake ndiye hupata nguvu yote, wala kwamba ilipaswa ipunguzwe nguvu au izimwe kabla hajapanda. Nilimshusha mwenyewe. Kibao cha onyo kipo, kwa Kiingereza, kimepauka kwa jua, na namba ya simu imebaki tarakimu sita. Mwenye jengo akaniambia, "Mwalimu, usinifukuzie wapangaji." Kijana wa miaka ishirini, kichwa chake kinafanyiwa majaribio na watu wasiojua hata kuwa wanafanya majaribio, halafu mnatuandikia "haina madhara kabisa"!

Na jenereta la wenye antena je? Umeme ukikatika usiku linanguruma chini ya madirisha hadi alfajiri, moshi unaingia chumbani kwa mjukuu wangu mwenye pumu. Hilo halihitaji utafiti wa miaka 20.

Tume ya Nguvu za Atomiki hupima mionzi ya minara. Naomba majibu yaandikwe getini, kwenye kibao cha bati, herufi nyeusi juu ya nyeupe, kwa Kiswahili: kipimo, ukomo, tarehe, jina la aliyepima. Kifaa kiwekwe kwenye dirisha la nyumba ya mkabala iliyo usawa wa antena, saa mbili usiku, watu wote wakiwa kwenye simu. Kipimo kirudiwe kila Januari kabla shule hazijafunguliwa. Na mlango wa paa upigwe kufuli, ufunguo akae nao mtu anayejua kuzima mtambo.

Mwalimu mstaafu,
Makorora, Tanga