Jojeti si lazima iwe hariri

Lalamiko tunalolipata zaidi hapa dukani kuhusu jojeti, kitambaa chepesi cha nguo, ni hili: "Mliniuzia jojeti, kumbe si hariri. Mmenilia pesa zangu." Juzi dada mmoja alilisema mbele ya wateja, na tulimwelewa alikotoka. Bintiye anaitwa Sundus, na dada mwenyewe tangu madrasa anajua kuwa sundus ni hariri laini iliyotajwa katika Suratul Kahf. Akaona jojeti nayo, kwa kuwa ni jina la kike, itakuwa hariri vile vile.

Sundus ni kitambaa kilichowapa watu jina. Jojeti ni kinyume chake. Georgette ni jina la kike la Kifaransa, limetokana na Georges, na asili yake ni Kigiriki, georgos, yaani mkulima. Waarabu husema Jirjis. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na mshonaji Mfaransa, Georgette de la Plante, na kitambaa kikaitwa kwa jina lake. Wakati ule kilifumwa kwa hariri, hilo kweli. Lakini kinachofanya jojeti iwe jojeti ni ufumaji: nyuzi zimesokotwa sana, nyingine kulia na nyingine kushoto, zikapishana. Ndiyo maana inakwaruza kidogo mkononi na hailali bapa kama shifoni. Ukifuma hivyo kwa poliesta, kwa viskosi (uzi unaotengenezwa kwa massa ya miti) au kwa hariri, zote ni jojeti halali.

Bei ndiyo inayotofautiana, na hapo hatuombi radhi. Mkiambiwa kwingine kuna jojeti kwa nusu ya bei yetu, ulizeni ni ya uzi gani. Chomoeni uzi mmoja mwuchome. Hariri hunuka nywele zilizoungua na majivu yake hupondeka. Poliesta huyeyuka ikaganda kama shanga. Viskosi huwaka kama karatasi. Sisi aina ya uzi tunaiandika kwenye risiti, na yule dada risiti yake ilisema poliesta.

Linalotuuma zaidi ni kukata kitambaa bila kukirowesha. Uzi uliosokotwa vile ukipata maji hujivuta, hasa wa viskosi, na hariri pia. Mama mmoja alinunua ya viskosi kwa nguo za harusi ya bintiye, tukamsihi airoweshe, aikaushe kivulini, kisha ndiyo ampelekee fundi. Aliona tunampotezea siku. Nguo zilivaliwa vizuri siku ya harusi. Zilipofuliwa mara ya kwanza zikapanda juu ya vifundo vya miguu, mikono ikabana. Aliporudi kununua mita nyingine, lile jora lilikuwa limekwisha, na jora jipya la rangi ile ile halikulingana na mitandio aliyokuwa nayo. Akalazimika kununua upya mitandio pia.

Njia nyingine ya mkato ni kuacha bitana. Jojeti ni nyepesi, nyuzi zake huteleza kwenye mshono, na kwapani ndipo huachia kwanza. Tumeletewa nguo nyingi za namna hiyo "zitiwe kiraka kidogo". Kiraka hakishiki, hufunguliwa upande mzima, hutiwa bitana, hushonwa mshono wa Kifaransa unaoficha ncha za kitambaa, na kazi hiyo ni ghali kuliko bitana ya mwanzo. Fundi wetu hutumia sindano nyembamba, namba 9, na huibadilisha mapema, kwa sababu sindano butu huvuta uzi na mstari ule hauondoki hata kwa pasi. Muda huo umo ndani ya bei ya kushona.

Kwa wenye harusi zinazokuja: njooni kwanza na vipimo vya fundi. Majora yetu mengine ni inchi 44 kwa upana, mengine 58, na idadi ya mita hubadilika. Kijipande cha kuchoma hatukitozi.