Kabla hujatia saini

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Uliposema Mzee halali tena kitandani, analala kwenye kiti mguu ukining'inia, nilizima jiko nikakaa chini. Baba yangu alilala hivyo miezi miwili, pale barazani. Mguu ukiwa chini anapata nafuu, ukiuinua unawaka moto. Sisi tukaona ni ukaidi wa uzee. Kumbe damu inayofika ilikuwa kidogo mno, inahitaji mteremko ndipo ifike vidoleni.

Umeniuliza utie saini au usitie kwenye fomu ya kumkata Mzee mguu. Kwanza nijibu haya: ana homa? Kidonda kinatoa maji na harufu, wekundu unapanda juu? Kama ndivyo, wasikilize madaktari leo hii, maana sumu ikishaingia kwenye damu inaondoka na mtu mzima. Lakini kama kidole ni kikavu, cheusi, na Mzee anakula na kuongea, muulize daktari swali moja tu: mishipa ya mguu huu imepigwa picha? Kama bado, hiyo fomu iache mezani.

Nasema hivi kwa sababu sisi tulipotezewa muda. Hospitali ya kwanza walimfunga Baba mpira wa presha mkononi na kwenye kifundo cha mguu, wakagawanya namba, ikatoka 1.4. Tukaambiwa damu inafika vizuri, kaoshe kidonda. Ikishuka chini ya 0.9 ndipo husema mshipa umeziba, kwa hiyo tulirudi nyumbani tumefurahi. Daktari wa Dar ndiye aliyetufumbua macho. Mtu aliyeishi na sukari miaka mingi, mishipa yake huwa migumu kama bomba la chuma, mpira hauwezi kuibana, na namba inatoka kubwa ya uongo. Yeye alipaka jeli juu ya unyayo, akaweka kile kidude cha dopla kinachosikilizisha damu ikipita. Badala ya pigo la nguvu tukasikia shiii, hafifu, kama upepo chini ya mlango. Akapima presha ya kidole gumba cha mguu: 24. Chini ya 30, akasema, kidonda kina tumaini dogo sana la kupona bila kufungua njia ya damu. Kwa hiyo Mzee naye wampime kidoleni, wasiishie kwenye kifundo.

Kuzibua kwenyewe nilikuwa nakuogopa kuliko Baba. Walimpiga ganzi kinenani, wakatoboa tundu la kama milimita 2, wakapitisha waya mwembamba hadi chini ya goti, mle mlimoziba. Juu ya waya ukapita mrija wenye puto, wakalijaza, wakaliacha dakika kadhaa, wakalitoa upepo. Pajani waliacha stenti, ule wavu mdogo wa chuma unaozuia mshipa usijifunge. Muda wote Baba yuko macho, anasema anasikia joto likiteremka kila inapoingia dawa ya picha, ile inayofanya mishipa ionekane. Jioni ile Mama alipitisha mkono chini ya shuka, akakamata unyayo. Akanyamaza. Kisha akaniambia, "Zuhura, una joto."

Daktari alitusimulia tiba hii ilivyoanza. Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland, Marekani, bibi wa miaka 82 alikataa katakata kukatwa mguu uliokuwa umeanza kuoza. Daktari Charles Dotter akaupanua mshipa wake kwa mirija tu, bila kisu. Bibi yule aliishi zaidi ya miaka miwili mingine, akatembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka mwisho. Puto lilikuja baadaye, miaka ya 1970, kwa Andreas Grüntzig kule Zürich. Nimemshika sana yule bibi moyoni, Mwanaidi. Alisema hapana, ndipo watu wakalazimika kufikiri.

Sitaki nikudanganye. Baba alipoteza vidole viwili, kidonda kilichukua miezi mitano kufunga, na mwezi wa kumi na moja mshipa ulibana tena wakarudia puto. Pia wakikuambia upasuaji wa kuunganisha mshipa mwingine, usikimbilie kukataa. Utafiti mkubwa wa 2022, wagonjwa 1,830, ulionyesha kuwa mwenye vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) nzuri ya mguuni na mwili unaohimili operesheni, mara nyingi hufaidika zaidi na upasuaji huo. Kwa ambao ateri, yaani mishipa inayopeleka damu, zote za chini zimekufa, Marekani waliidhinisha mwaka 2023 njia ya kuigeuza vena ipeleke damu chini. Kati ya wagonjwa 105, takriban robo tatu walikuwa na mguu wao baada ya miezi sita. Hiyo bado iko mbali nasi, ila ujue watu hawajalala.

Huku kwetu, Muhimbili wamekuwa wakifundisha madaktari tiba za kupitia ndani ya mishipa tangu 2018, kwa hiyo anzeni kuulizia huko, na barua ya rufaa muidai kesho asubuhi. Toka Moro mpandisheni treni ya mwendokasi, basi litamtesa kukaa. Mpime figo kabla ya safari, kwa sababu ile dawa ya picha huzielemea, na wagonjwa wa sukari wengi figo zimeshachoka bila wao kujua.

Na tafadhali, yale maji ya moto na chumvi shangazi anayomkandia, yakome leo. Mguu wenye ganzi hausikii kuungua. Baba aliunguzwa hivyo hivyo, na mikono iliyokuwa inampenda. Sigara nayo ifichwe. Mzee atakasirika, mwache akasirike.

Mfikishie shikamoo yangu, na Mama mwambie nitakuja Ijumaa nikae naye ninyi mkiwa Dar. Majibu ya figo yakitoka nitumie picha ya karatasi, hata kama ni usiku wa manane.

Wako,
Zuhura