Anayeanza kushindilia risasi apime mtutu kabla ya kununua baruti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu kijana aliyeuliza katika toleo la juma lililopita anunue nini kwanza ili aanze kujitengenezea risasi za bunduki yake ya kuwindia wanyama waharibifu huku Marekani. Msomaji mwenzangu alimshauri atafute kwanza baruti ya bei nafuu na mengine yatafuata. Kwa heshima zote, nasema ushauri huo umeanzia mkiani. Mimi ni mzaliwa wa Handeni, na sasa naishi magharibi mwa South Dakota, ambako baadhi ya wafugaji hutukaribisha kupunguza wale kindi wanaotoboa malisho kwa mashimo, na ambao wenyeji huwaita mbwa wa mbugani ijapokuwa si mbwa hata kidogo.

Sisi tuliokulia karibu na gobore tunajua vitu vitatu, yaani baruti, fataki (kile kikombe kidogo kinachoiwasha) na goroli. Risasi ya kisasa inaongeza cha nne, ganda la shaba ya njano, linalovishika vyote pamoja. Ufanano unaishia hapo. Baruti ya gobore ni nyeusi, na babu aliweza kuikadiria kwa kiganja bila kupoteza jicho. Baruti ya kisasa isiyo na moshi hupimwa kwa mizani ya greni, ambazo 7,000 ndizo zinazotimiza ratili moja, na mtu akiitia katika gobore kwa kipimo cha kiganja ataupasua mtutu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Bunduki yangu ya kwanza huku ilikuwa ya zamani kidogo, ya risasi za saizi iitwayo .223 Remington, na muuzaji wa duka moja aliniuzia vichwa vya risasi, yaani zile ncha zinazoruka badala ya goroli, vya greni 75, virefu na vizuri kutazama, akisema kwamba kichwa kizito hakisumbuliwi na upepo. Alilolisema ni kweli, ila hakuniuliza mtutu wangu ukoje. Nilipopiga karatasi kwa yadi 100 sikuona matundu ya duara. Niliona michaniko mirefu kama matundu ya kufuli, kwa sababu vichwa vilikuwa vikifika vikiwa ubavu. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ule ilikizungusha kichwa mara moja tu kwa kila inchi 12, na mwendo huo hautoshi kukituliza kichwa kirefu namna ile. Vichwa vya greni 50 hadi 55 viliponyooka bila shida katika mtutu uleule, ndipo nilipoelewa kwamba ununuzi wote hutokana na namba hiyo moja.

Kijana anaweza kuipata namba hiyo nyumbani. Ahakikishe kwanza kwamba bunduki ni tupu, aitoe bolti, yaani kile kipande cha nyuma kinachoufunga mtutu, kisha achukue mdeki (ufito wa kusafishia mtutu) wenye kishikio kinachozunguka chenyewe na kuuvisha kitambaa kinachobana. Ausukume kutoka nyuma hadi kitambaa kishike mifereji, atie alama ya kalamu upande wa juu wa mdeki, halafu aendelee kusukuma polepole mpaka alama ile izunguke na kurudi juu. Umbali ambao mdeki umesafiri ndio kipimo chake. Akipata inchi 12 au 14, na 14 ndiyo desturi ya bunduki nyingi za .22-250 Remington, saizi nyingine ya risasi, abaki na vichwa vyepesi. Akipata 9, 8 au 7, mtutu unazungusha haraka zaidi na hata vichwa virefu vitatulia, ingawa baadhi ya vichwa vyepesi vyenye ngozi nyembamba sana ya shaba kwa nje vinaweza kusambaratika hewani kwa kuzungushwa kupita kiasi. Na kama anawinda California, ambako tangu tarehe 1 Julai 2019 risasi za madini ya risasi haziruhusiwi katika uwindaji wa aina yoyote, akumbuke kwamba kichwa cha shaba tupu huwa kirefu kuliko cha madini ya risasi chenye uzito uleule, kwa hiyo mtutu unaozungusha taratibu utakitupa kama ulivyovitupa vya kwangu.

Kichwa kikishajulikana, baruti huchaguliwa kutoka katika kitabu cha vipimo cha mtengenezaji, wala si kutoka kwenye rafu ya dukani. Humo huorodheshwa baruti zinazofaa kwa kichwa cha uzito huo, pamoja na kipimo cha kuanzia na cha mwisho, na anayeanza aanzie chini. Katika hizo, mimi humshauri mgeni achague ile inayolijaza ganda karibu na shingo, hata ikiwa si ya kasi kuliko zote, kwa sababu akighafilika akamimina mara mbili, baruti itafurika mezani na kosa litaonekana kwa macho. Asome pia jina zima lililo kwenye kopo. H4895 na IMR 4895 zina namba moja, lakini ni baruti mbili tofauti zenye vipimo tofauti. Nyumbani kwangu hakukai makopo mawili mezani kwa wakati mmoja, na mke wangu, ambaye hapendi kabisa shughuli hii, hiyo ndiyo kanuni pekee anayoisifu.

Maganda anunue mapya, ya mtengenezaji mmoja. Yale yanayookotwa uwanjani ni ya bure, lakini yana historia asiyoijua. Mengine ni ya kijeshi, na fataki zake zimekazwa kwa ukingo unaopaswa kuondolewa kwanza. Mengine yana vijitundu viwili vidogo kwa ndani vya kupitishia moto wa fataki badala ya kimoja cha katikati, mtindo wa Mmarekani Berdan ambao Wamarekani wenyewe waliuacha wakachukua wa Mwingereza Boxer. Maganda yake mwenyewe yakishatumika mara kadhaa, akunje ncha ya waya mwembamba, aingize ndani ya ganda na kuikwaruza ukutani karibu na kitako. Waya ukinasa kwenye kijifereji, ganda hilo linakaribia kukatika vipande viwili ndani ya chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, na mahali pake ni jalalani.

Fataki ndiyo watu huidharau kwa udogo wake. Ganda la .223 hutumia fataki ndogo ya bunduki, la .22-250 hutumia kubwa, na ndogo ya bastola, ijapokuwa inaingia vizuri mahali pa ile ya bunduki, kikombe chake kwa kawaida ni chembamba na kinaweza kutoboka. Fataki zilipoadimika huku baada ya 2020, nilisikia wengi wakisema fataki ni fataki. Hata kubadili aina moja ya fataki ya bunduki kwa nyingine hubadilisha mgandamizo, kwa hiyo ukibadili, unarudi kwenye kipimo cha chini na kupanda upya.

Jambo moja la sheria halikuguswa katika jibu la awali. Sheria ya shirikisho hapa haimdai leseni mtu anayejitengenezea risasi za matumizi yake, bali anayetengeneza za kuuza. Hata hivyo, aliye na viza ya muda, kama wanafunzi wetu wengi, amekatazwa bunduki na risasi pia, isipokuwa awe na mojawapo ya ruhusa chache zinazotajwa, kama vile leseni halali ya uwindaji. Kijana hakusema yuko katika hali gani.

Akishapima mtutu wake, atuandikie kupitia safu hii namba aliyoipata na uzito wa vichwa anavyovifikiria. Baruti aiache dukani kwa sasa.

Msomaji wenu,
Rapid City, South Dakota